Jina Moja, Harufu Nyingi: Historia ya Kurekodi Mimea ya Dawa yenye Mafuta ya Kunukia katika Miteremko ya Rwenzori, 1889–2019

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kurekodi mimea ya dawa yenye mafuta ya kunukia katika miteremko ya Milima ya Rwenzori, hususan upande wa wilaya ya Kasese, tangu mwaka 1889 hadi 2019. Kwa kusoma upya maandishi ya wasafiri, orodha za majina ya mimea, matokeo ya maabara yaliyochapishwa na sheria za Uganda, makala yanaonyesha kwamba watafiti wa mlima huu walizoea mapema kuandika mwinuko wa kila mmea walioukusanya, ilhali orodha za majina na sheria zilizofuata zilibakiza jina peke yake. Mmea wenye jina moja huweza kutofautiana sana kwa wingi na kwa aina ya mafuta yake kutegemea nasaba, mahali, majira na hatua ya ukuaji. Makala yanadai kuwa upungufu huo ni wa kilugha kabla ya kuwa wa kikemia, na kwamba una gharama kwa afya ya mgonjwa na kwa haki ya mkulima. Yanahitimisha kwa kupendekeza rekodi yenye vipengele saba na matumizi ya maneno ya harufu ambayo Kiswahili tayari kinayo.

Maneno ya msingi: Rwenzori, Kasese, mafuta ya kunukia, mirihani, majina ya mimea, sera ya tiba asili

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, inakusanya katika eneo dogo tofauti za hali ya hewa ambazo kwingineko zingehitaji safari ya siku nyingi. Ziwa la chumvi la Katwe liko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, katika bonde lenye joto na mvua haba. Kutoka huko, siku isiyo na mawingu, mtu huweza kuitazama theluji ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Kaunti ndogo ya Maliba, iliyo kaskazini mwa mji wa Kasese, imeegemea ubavu wa mlima na kupakana na msitu wa hifadhi. Bwera, iliyo kusini magharibi, iko karibu na kituo cha mpakani cha Mpondwe, ambako bidhaa za Uganda na za Kongo hukutana kila siku ya soko. Kwa kawaida joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi ya selsiasi kwa kila mita mia moja za kupanda. Hivyo basi, mmea unaomea katika uwanda wa chini na ndugu yake anayemea kwenye ukingo wa msitu huishi katika hali mbili zisizofanana, hata kama mtu anaweza kutembea kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kabla ya jua kutua.

Swali linaloongoza makala haya ni jepesi kulitamka: je, mimea hiyo miwili ni dawa moja? Wakemia wana njia zao za kulijibu. Mtafiti wa lugha anayeingia katika mjadala huu hana budi kueleza ameitwa na nini. Jibu ni kwamba dawa ya mitishamba husafiri kwa jina. Mgonjwa huambiwa jina, mfanyabiashara huuza kwa jina, afisa husajili jina, na sheria hulinda au husahau jina. Ikiwa jina halibebi tofauti iliyomo ndani ya jani, tofauti hiyo hupotea njiani hata kama kila aliyehusika alikuwa mwaminifu.

Makala yamejikita katika maandishi yaliyochapishwa. Kwa makusudi, hayataji majina ya Kikonzo ya mitishamba wala maelekezo ya matumizi yake. Sababu itaelezwa katika sehemu ya 4.0 na ya 6.0: kuyachapisha bila ridhaa ya wenyewe kungekuwa kurudia kosa lile lile ambalo historia hii inalilalamikia.

2.0 Suala la Istilahi

Kabla ya historia, neno. Katika matini nyingi za Kiswahili za siku hizi, hasa zilizotafsiriwa kwa haraka, mafuta yanayopatikana kwa kukeneka majani, maua au magome yenye harufu huitwa “mafuta muhimu”. Tafsiri hiyo ni ya kupotosha. Neno la kigeni lililotafsiriwa lilikusudia kiini, yaani asili ya harufu iliyofichwa ndani ya mmea, halikukusudia umuhimu. Msomaji anayeambiwa kuwa mmea una “mafuta muhimu” hudhani amesifiwa mmea, kumbe ameelezwa aina ya kemikali. Makala haya yanatumia “mafuta ya kunukia”, maneno ambayo wasemaji huyaelewa bila kufafanuliwa.

Mafuta haya si mafuta ya kupikia. Ni mchanganyiko wa kemikali nyepesi zinazoruka hewani, na katika mimea ya jamii ya mrihani huhifadhiwa ndani ya vifuko vidogo mno vilivyo juu ya uso wa jani. Ndiyo maana jani likisuguliwa kidogo hunukia, na likianikwa juani ovyo hupoteza nguvu. Mambo mawili hutofautiana. La kwanza ni wingi, yaani kiasi cha mafuta katika kila kilo ya majani. La pili ni aina, yaani kemikali ipi inayotawala katika mafuta hayo. Mambo haya hayaendi pamoja. Mmea uliostawi kwa maji mengi na kivuli huweza kuwa na majani mapana na mafuta machache kwa kila kilo, na mimea miwili yenye wingi sawa wa mafuta huweza kuwa na kemikali tofauti kabisa. Wataalamu hugawa spishi moja katika makundi kulingana na kemikali inayotawala. Makundi hayo tutayaita “aina za kikemia”.

Tofauti hizi zina vyanzo kadhaa: nasaba ya mmea wenyewe, mwinuko, mwanga, mvua, udongo, umri, hatua ya ukuaji (kabla ya kuchanua au baada yake), saa ya kuchuma na namna ya kukausha. Kwa hiyo maelekezo ya mganga ya “chuma asubuhi”, “usichukue ya bondeni” au “ngoja ichanue” hayapaswi kupuuzwa kama mapambo ya kimila. Ni sehemu ya kutambulisha dawa yenyewe.

3.0 Mlima Uliopimwa: 1889–1951

Historia ya maandishi kuhusu mimea ya Rwenzori ni historia ya upimaji. Msafara wa Henry Morton Stanley uliposhuka kutoka Ziwa Albert mwaka 1889, Luteni William Stairs alipanda mlima hadi zaidi ya mita 3,000 na kurudi na mimea ambayo Emin Pasha aliitambua na kuiorodhesha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1891, Franz Stuhlmann alipanda kutokea upande wa magharibi hadi karibu mita 4,000, akaeleza jinsi uoto unavyobadilika kwa matabaka kadiri mtu anavyopanda. G. F. Scott Elliot alifuata katikati ya miaka ya 1890, na kitabu chake kuhusu safari hiyo kikatoka mwaka 1896. Mwaka 1906, msafara wa Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, ulifika katika vilele vya juu na kuacha nyuma vipimo na ramani zilizotumiwa kwa miongo mingi.

Kazi hizi zilikamilishwa kinadharia na Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, aliyechapisha mwaka 1951 uchambuzi wake wa matabaka ya uoto katika milima ya Afrika Mashariki. Kwa Rwenzori, mpangilio unaofahamika ni huu: nyasi na mashamba chini, kisha msitu wa mlimani, mianzi, miti ya jamii ya erika, na mwishowe uwanda wa mimea mikubwa ya lobelia na senesio chini ya barafu.

Jambo la kuzingatia ni nidhamu ya kumbukumbu hizo. Mkusanyaji aliandika tarehe, bonde na mwinuko kwenye kila sampuli aliyoikausha. Alijua kwamba mmea bila mahali ni nusu ya mmea. Hata hivyo, nidhamu hiyo ilihudumia swali moja tu, yaani spishi gani inamea wapi. Haikuulizwa kama mmea uliokusanywa chini na ule uliokusanywa juu ulitumiwa kwa namna moja na watu walioubebea msafara mizigo yake. Wapagazi na waongozaji wa Kikonzo, ambao bila wao hakuna msafara ambao ungefika juu, wanaonekana katika maandishi hayo kama miguu na mabega. Walichokijua kuhusu majani waliyoyakanyaga hakikupewa safu katika daftari.

4.0 Majina Yaliyoorodheshwa

Awamu ya pili ni ya orodha. Katika miaka ya 1930 na 1940, idara za kilimo na misitu za serikali za kikoloni zilihitaji kuwasiliana na wananchi kuhusu mimea, na kwa hiyo zilihitaji majina. P. J. Greenway wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937, na toleo la pili likafuata mwaka 1940. Mwaka huo huo wa 1940, W. J. Eggeling alichapisha kitabu chake kuhusu miti ya asili ya Uganda, ambacho Ivan Dale alikipitia upya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kazi hizi ni hazina. Mtafiti yeyote wa msamiati wa mimea Afrika Mashariki bado huanzia hapo.

Lakini orodha ina sarufi yake. Huweka jina la mwenyeji upande mmoja na jina la Kilatini upande wa pili, na kuashiria kwamba ni sawa. Mpangilio huo hauna nafasi ya kivumishi. Katika usemi wa kawaida, watu hawasemi jina tupu: husema mmea fulani “wa mlimani”, “wa mtoni”, “mweupe”, “mchungu”, “dume”. Anayeandaa orodha huliona neno la pili kama ziada na kulifuta ili jina lilingane na spishi moja. Kwa mkemia wa leo, neno lile lililofutwa huenda lilikuwa ndilo lililobeba taarifa kuhusu aina ya mafuta.

Kwa Kasese kulikuwa na chujio jingine la kisiasa. Eneo la Wakonzo liliwekwa chini ya ufalme wa Toro, na Kitoro ndicho kilichokuwa lugha ya shule na utawala. Maarifa ya Mkonzo yalilazimika kuvuka lugha mbili kabla ya kufika kwenye karatasi. Ubaguzi wa lugha ulikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyozaa vuguvugu la Rwenzururu mwaka 1962. Ni muhimu kukumbuka pia kwamba vuguvugu hilo lilitanguliwa na utafiti: mwaka 1954 mwandishi Mwingereza Tom Stacey alizunguka mlima pamoja na Isaya Mukirane, na kutokana na safari hiyo kikaundwa chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo. Mukirane ndiye aliyekuja kuliongoza Rwenzururu. Katika eneo hili, basi, kuandika maarifa ya watu kwa lugha yao hakujawahi kuwa kazi isiyo na uzito. Anayekuja leo na fomu ya kuorodhesha mitishamba ya Maliba huingia katika historia hiyo, ajue asijue.

5.0 Ushahidi wa Mirihani

Ili hoja isibaki hewani, tuchukue mfano wa jenasi ya Ocimum, ambayo hapa tunaiita kwa jumla mirihani. Katika Tanzania bara spishi moja yake hujulikana kama kivumbasi na hutumiwa kufukuza mbu. Katika Kiganda spishi hiyo hiyo huitwa omujaaja, na majani yake hutiwa katika chai. Linnaeus aliipa jina Ocimum gratissimum mwaka 1753. Mwanzoni mwa karne ya 19, mimea inayofanana nayo ilipewa jina jingine, Ocimum suave, na kwa zaidi ya karne moja vitabu vya Afrika Mashariki viliitaja hivyo. Mwaka 1992, Alan Paton wa bustani ya Kew, katika mapitio yake ya jenasi hii barani Afrika, aliyaunganisha majina hayo mawili kuwa spishi moja. Uamuzi huo ulitokana na umbo la mmea, na kwa umbo ni sahihi.

Mafuta, hata hivyo, hayakuunganishwa. Matasyoh na wenzake (2007) walichunguza Ocimum gratissimum kutoka Meru, Kenya, wakakuta kwamba karibu asilimia 69 ya mafuta yake ni yujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu na nguvu ya kutuliza jino. Uchunguzi uliofanywa Rwanda katika miaka ya 1980 na Ntezurubanza na wenzake ulikuta thimoli ikitawala katika spishi hiyo hiyo. Thimoli ndiyo kemikali ya zaatari. Spishi ya pili, Ocimum kilimandscharicum, inarudia kisa hicho. Bekele na Hassanali (2001), walipochunguza mmea wa Kenya, walikuta takriban asilimia 70 ya mafuta ni kafuri. Katika mmea wa Rwanda uliochunguzwa mwaka 1984 iliyotawala ni sineoli, ambayo ni kemikali ya mkaratusi.

Tofauti hizi si za kitaaluma tu. Kafuri ikimezwa na mtoto mdogo, hata kwa kiasi kidogo, huweza kumsababishia degedege. Yujenoli hutia ganzi na kuua baadhi ya vimelea. Thimoli ina nguvu dhidi ya kuvu na minyoo. Sineoli husaidia kulegeza makohozi, nayo pia ni hatari kwa mtoto ikizidi. Mama anayeelekezwa kumchemshia mtoto mwenye kikohozi “majani ya mrihani” amepewa jina linaloweza kubeba yoyote kati ya hizo nne. Kasese si Kenya wala si Rwanda. Hakuna sababu ya kisayansi ya kuazima takwimu za Meru kwa ajili ya Maliba, au za Rwanda kwa ajili ya Bwera, na katika wilaya yenye miinuko kama hii hakuna hata sababu ya kuazima za Bwera kwa ajili ya Maliba.

Hapa ndipo mtafiti wa lugha anapokutana na jambo la kufurahisha. Kemikali nne zilizotajwa, zinazoonekana kuhitaji maabara ili kutajwa, tayari zina majina ya harufu katika Kiswahili. Yujenoli hunukia karafuu. Kafuri ni karafuu maiti, ambayo Waswahili wameitumia kwa karne nyingi katika kuosha na kukafini maiti. Sineoli hunukia mkaratusi. Thimoli hunukia zaatari. Pua iliyofunzwa haiwezi kupima asilimia, lakini mara nyingi huweza kutenganisha makundi haya, na mwenye pua hiyo mara nyingi ni mchumaji mwenyewe.

6.0 Sheria na Ukimya Wake

Sheria za Uganda kuhusu tiba asili zimeanza na kile ambacho dawa haipaswi kuwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957 ilitoa adhabu kali kwa uchawi, lakini ikasema wazi kwamba uchawi haujumuishi utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji unaofanywa kwa nia njema. Kwa hiyo mwuza dawa alilindwa kwa kipimo cha nia yake. Kuhusu ubora wa dawa sheria haikusema neno. Maabara ya serikali ya kutafiti dawa za asili, iliyoanzishwa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambayo leo ni taasisi ya utafiti iliyoko Wandegeya, ilianza kuzipima dawa zenyewe.

Hatua ya pili ilihusu umiliki. Kanuni za Uganda za mwaka 2005 kuhusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa zinamtaka mtafiti apate ridhaa ya jamii kabla ya kuchukua mmea au maarifa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Uganda ilijiunga nayo mwaka 2014, iliimarisha msimamo huo. Hatimaye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2019 ikaweka utaratibu wa kuwasajili na kuwasimamia watoa tiba.

Hatua hizi zinastahili pongezi. Ila tukizisoma kwa mfululizo, tunaona kuwa kila moja imerithi sarufi ya orodha. Linalolindwa ni mmea wenye jina na maarifa kwamba “unatibu”. Fikiria kampuni inayokuja Maliba na kusema: “Mmea huu uko kote Afrika, matumizi yake yamechapishwa tangu zamani, hatuhitaji ridhaa ya mtu.” Kwa kiwango cha jina, hoja yao ina nguvu. Kwa kiwango cha aina ya kikemia, haina. Kinachofanya majani ya mteremko fulani, yaliyochumwa katika hatua fulani, yawe na thamani ni maarifa ya mahali na wakati, na hayo ni ya watu wa mteremko huo. Jina ni la wote. Kivumishi ni cha wenyeji. Sheria inayosajili jina peke yake inalinda sehemu ambayo haiibiki na kuacha wazi ile inayoibika.

7.0 Masoko Yaliyojifunza Kutofautisha

Mtu anaweza kusema kwamba tofauti hizi ni nyingi mno kwa mkulima na kwa serikali. Historia ya mazao mengine inamkanusha. Zanzibar na Pemba zimetofautisha kwa muda mrefu karafuu na makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Karafuu iliyokauka huwa na mafuta takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na makonyo asilimia 5 hadi 7. Bidhaa ni mbili, bei ni mbili, na majina ni mawili. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, kimejengwa juu ya tofauti hiyo. Hakuna Mpemba anayehitaji kozi ili kuielewa, kwa kuwa lugha imekwisha kumfundisha.

Kasese yenyewe ina mifano miwili. Kahawa ya arabika hulimwa katika miteremko ya juu, na mnunuzi huuliza mwinuko na namna ya kukausha kabla ya kutaja bei. Vanila inafundisha zaidi. Baada ya miaka ya wizi na uvunaji wa maganda machanga yaliyoharibu sifa ya vanila ya Uganda, Wizara ya Kilimo imekuwa ikitangaza tarehe za kuanza kuvuna. Serikali imekubali, kwa zao hilo, kwamba wakati ni sehemu ya ubora na kwamba unaweza kutungiwa kanuni.

Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, unaonyesha kwamba inawezekana hata kwa mitishamba. Huko wakulima wa kikundi cha Muliru, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha ICIPE, walilima Ocimum kilimandscharicum, wakakeneka mafuta yake na kuyatumia katika dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2010. Waliofanikiwa hapo hawakulima “mrihani” tu. Walilima mrihani wa karafuu maiti, na mazao yao yaliuzika kwa sababu mafuta yalijulikana.

Mkulima wa Maliba anayeshauriwa kulima mimea ya dawa ili aache kuingia msituni anastahili ushauri wa kiwango hicho. Msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na urithi wa dunia mwaka 1994. Kuingia kuchuma kunahitaji kibali. Kingo za mito nazo si salama: mafuriko ya Mei 2020 ya mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha yaling'oa mashamba na makazi. Mwenye eneo dogo hawezi kupoteza misimu miwili akilima mche ulioletwa kutoka kwingine kwa kigezo cha jina, halafu aambiwe na mnunuzi kwamba majani yake yana uzito lakini hayana mafuta yanayotakiwa.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia tuliyoipitia ina mafunzo mawili yasiyokutana. Wapanda mlima walijifunza kwamba mmea lazima uandikwe pamoja na mahali pake. Waandishi wa orodha na watunga sheria walijifunza kwamba mmea lazima uwe na jina la mwenyeji. Kuyakutanisha mafunzo haya hakuhitaji teknolojia mpya. Kunahitaji fomu bora, na fomu ni matini. Kwa hiyo ni kazi yetu pia sisi wanaisimu.

Makala yanapendekeza kwamba kila rekodi ya mmea wa dawa wenye harufu, iwe ya utafiti, ya usajili au ya biashara, iwe na vipengele saba: (i) jina katika lugha ya msemaji, pamoja na vivumishi vyake vyote bila kufutwa, (ii) jina la kisayansi, pamoja na sampuli iliyohifadhiwa, (iii) mahali na mwinuko, (iv) tarehe na saa ya kuchuma, (v) sehemu ya mmea na hatua yake ya ukuaji, (vi) harufu kwa maneno ya mchumaji, na (vii) mwenye maarifa na masharti aliyoyaweka. Kipengele cha saba kitangulie vingine vyote: asipokubali, fomu ikunjwe.

Kwa washauri wa sera, mambo matatu yanafuata. Kwanza, kanuni za utekelezaji wa Sheria ya mwaka 2019 zitambue maarifa ya mahali na wakati kuwa sehemu ya maarifa ya jadi yanayolindwa. Pili, mpango wowote wa kuwagawia wakulima miche upime mafuta ya mimea mama katika mwinuko ule ule itakapolimwa, kabla ya kugawa. Tatu, maelekezo ya matumizi kwa watoto yasitolewe kwa jina la mmea peke yake.

Kwa Kiswahili kuna wajibu mahususi. Kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, soko la Bwera lina lugha moja ya jumuiya pande zote mbili za mpaka. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wana lugha zinazoelewana. Kiswahili hakihitaji kuchukua nafasi ya lugha hizo. Kazi yake ni kubeba kwa uaminifu hadi Kampala, Kinshasa na Arusha kile zilichokisema. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iko mahali panapofaa kulisanifu suala hili: aina ya karafuu, aina ya karafuu maiti, aina ya mkaratusi, aina ya zaatari. Maneno yapo. Mpemba anayatumia dukani na mwosha maiti anayatumia kazini. Yanangoja kuandikwa katika fomu itakayojazwa Maliba, mbele ya mchumaji, kabla jani halijaanikwa.